Mafua ya kijana hayaishi: nyumbani, duka la dawa, zahanati au hospitali kubwa?

Ulinganisho huu ni wa mzazi au mlezi wa kijana wa miaka kati ya 10 na 19, hapa Dar es Salaam. Mafua ya mwanawe hayaishi, kichwa kinamuuma kwenye paji la uso, na nyumbani kila mtu ana ushauri wake. Bibi anataka ajifukize, baba anasema apimwe malaria, jirani ameshataja jina la kidonge. Kwa kawaida njia ni nne: kumhudumia nyumbani, kwenda duka la dawa, kwenda zahanati au kliniki ya mtaani, au kwenda moja kwa moja hospitali yenye CT skani (mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili) na madaktari wa upasuaji.

Kila njia ina siku yake. Mafua mengi mno huisha nyumbani bila daktari kuyaona, na kumpeleka kijana Muhimbili kwa kila kamasi ni kumchosha yeye na kuwasonga wagonjwa wengine. Lakini ipo siku, mara chache sana, ambapo saa za kusubiri ndizo zinazoondoka na jicho au uhai wa mtoto. Kinachoamua uende wapi ni dalili fulani zinazojulikana. Wingi wa maumivu hauamui, wala idadi ya vidonge alivyokwisha kumeza. Nitaanza na dalili hizo, kwa sababu bila kuzijua ulinganisho wote hauna maana.

Kwa nini vijana hasa

Ndani ya mifupa ya uso kuna vyumba vya hewa viitwavyo sainasi. Vipo mashavuni, kati ya macho, nyuma ya pua na juu ya nyusi. Vya mashavuni na vya kati ya macho mtoto huzaliwa navyo. Vya juu ya nyusi huanza kuonekana akiwa na miaka kama 7 au 8, na huendelea kukua hadi anapokaribia miaka 20. Kwa hiyo kijana ana chumba kipya ndani ya paji la uso, katika mfupa ambao bado unakua na una damu nyingi. Tena veni zinazopita ndani ya mfupa huo hazina vali, kwa hiyo damu yake inaweza kwenda upande wowote. Usaha ukijaa humo, bakteria wanaweza kubebwa na veni hizo hadi kwenye utando wa ubongo, hata kama mfupa wenyewe haujatoboka. Wavulana hupatwa zaidi kuliko wasichana, na mara nyingi ni vijana waliokuwa wazima kabisa, bila ugonjwa wowote wa kudumu. Hili la mwisho naomba lizingatiwe, maana wazazi wengi hujituliza kwa kusema, “huyu hajawahi kuugua.”

Madhara yenyewe hujitokeza sehemu tatu.

Ya kwanza ni jicho. Ukuta kati ya sainasi na tundu la jicho ni mfupa mwembamba sana. Ugonjwa ukivuka, kope huvimba na kuwa jekundu. Kama ni kope tu limevimba, jicho lenyewe likiwa zima, linaona vizuri na linageuka pande zote bila maumivu, tatizo bado liko mbele ya jicho, halijaingia nyuma yake, na mara nyingi dawa hulimaliza. Mambo hubadilika pale jicho linapotokeza nje kuliko lenzake, linapouma likigeuzwa, linaposhindwa kugeuka, kijana anapoona vitu viwili viwili, au rangi nyekundu inapoonekana imefifia kwa jicho hilo. Hapo usaha unaweza kuwa umejikusanya nyuma ya jicho na kuubana mshipa wa fahamu wa kuonea. Uvimbe ukihamia na jicho la pili, fikiria damu kuganda kwenye veni kubwa iliyo nyuma ya macho. Hiyo ni dharura ya juu kabisa.

Ya pili ni paji la uso. Mfupa wenyewe huoza na usaha hujikusanya juu yake, chini ya ngozi. Percivall Pott, daktari mpasuaji wa London, aliueleza uvimbe huu katika karne ya 18, na mpaka leo madaktari huuita kwa jina lake, “Pott's puffy tumor.” Wakisema “tumor” msifikirie saratani. Ni jipu la mfupa. Ni uvimbe laini katikati ya paji au juu ya nyusi moja, unaobonyea kama unga wa chapati uliokandwa. Hauji kwa kugongwa, ingawa kijana anaweza kukumbuka kwamba aligongwa na mpira na watu wote wakaridhika na maelezo hayo. Jipu la namna hii mara nyingi haliko peke yake: upande wa pili wa mfupa, ndani ya fuvu, huenda pana usaha mwingine usioonekana.

Ya tatu ni ubongo na utando wake. Katika rika hili, kinachotokea zaidi ndani ya fuvu ni usaha kutanda chini ya utando wa nje wa ubongo. Pia huweza kuwa jipu ndani ya ubongo wenyewe, au homa ya uti wa mgongo. Kijana hulalamika kwamba kichwa kinauma kuliko alivyowahi kuumwa, hutapika, homa hurudi, shingo hukaza, husinzia mchana. Wengine hupata degedege, au mkono na mguu wa upande mmoja hulegea. Lakini dalili ninayoiogopa zaidi ni ile ya kubadilika tabia. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo iliyo jirani na sainasi za paji, na ndiyo inayoshughulika na busara na mwenendo. Kijana anaropoka, anakuwa mkali bila sababu, anajibu mambo yasiyohusiana, anakojoa pasipostahili. Familia hushuku bangi, msongo wa mitihani au mapepo. Kama alikuwa na mafua wiki mbili zilizopita na sasa ana homa na anaropoka, maombi yafanyike njiani, gari likielekea hospitali.

Vigezo nilivyotumia

Kila njia nimeipima kwa maswali manne yale yale. Inaweza kuona nini? Inaweza kutibu nini? Inachukua muda na fedha kiasi gani? Inamfaa nani? Swali la kwanza nalipa uzito mkubwa kuliko mengine, kwa sababu dawa nzuri aliyopewa mgonjwa asiyechunguzwa huweza kuwa ndiyo iliyomchelewesha.

Njia ya kwanza: kumhudumia nyumbani

*Inaona nini.* Zaidi ya watu wanavyodhani. Mama ndiye anayejua sura ya mtoto ilikuwaje jana. Msimamishe kijana mbele ya dirisha, mtazame kutoka mbele kisha kutoka juu ya kichwa chake akiwa amekaa: je, jicho moja limetokeza? Mwambie afuate kidole chako kwa macho bila kugeuza kichwa. Afunike jicho moja, atazame kitu chekundu, kisha abadilishe. Mpapase paji la uso pande zote mbili. Ainamishe kidevu kiguse kifua. Muulize leo ni siku gani na jana alikula nini. Haya yote ni dakika chache, na yarudiwe asubuhi na jioni muda wote ambao mafua hayajaisha.

*Inatibu nini.* Mafua ya virusi, ambayo kwa kawaida huwa yamepungua ndani ya siku 7 hadi 10. Rangi ya makamasi isikutishe. Njano au kijani pekee si ushahidi wa bakteria. Parasetamo hutuliza homa na maumivu: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wake kwa dozi, si zaidi ya mara nne kwa siku. Aspirini asipewe mtoto wa chini ya miaka 16, hasa akiwa na mafua. Kuosha pua kwa maji ya chumvi kunasaidia kweli: robo hadi nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha maji, kama mililita 250. Maji yawe yamechemshwa na kupozwa. Ya bomba au ya kisima yasiingie puani vilevile yalivyo, kwani vimelea visivyodhuru tumboni vinaweza kudhuru vikipitia puani.

Kujifukiza kunampa mtu nafuu ya muda, na sina ugomvi na nyungu ya bibi. Lakini hakuondoi usaha kwenye sainasi, na maji yakimwagika yanaunguza vibaya. Mwenye homa kali au anayesinzia asifunikwe blanketi juu ya sufuria.

*Muda na gharama.* Karibu bure. Gharama yake kubwa ni kujisahau, siku ya nne ikageuka ya kumi na nne.

*Inamfaa nani.* Kijana mwenye mafua ya chini ya siku 10, anayekula, anayecheza na simu yake kama kawaida, homa yake si kali na inashuka, na vipimo vile vya dirishani vyote viko sawa.

Njia ya pili: duka la dawa

Hapa nazungumzia vyote viwili, Duka la Dawa Muhimu lililo mtaani na famasi yenye mfamasia.

*Inaona nini.* Kidogo sana, na mara nyingi mgonjwa mwenyewe hajaja. Ametumwa mdogo wake. Mfamasia mzuri atauliza maswali na atakataa kuuza antibayotiki bila cheti cha daktari. Akikataa, mshukuru, kwani amekuokoa.

*Inatibu nini.* Parasetamo, chumvi ya kuoshea pua iliyotengenezwa tayari, dawa ya mzio, dawa ya kupulizia ya kufungua pua. Hii ya kufungua pua isizidi siku 3. Ikizidi, pua huziba zaidi kuliko mwanzo. Kwa haya yote duka la dawa linafaa sana.

Tatizo ni antibayotiki. Mchanganyiko wa ampisilini na kloksasilini unaouzwa sana madukani uko kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya michanganyiko isiyopendekezwa. Azithromaisini, ambayo watu huipenda kwa kuwa ni ya siku tatu tu, haipendekezwi kwa sainasi kwa sababu bakteria wengi wameizoea. Hata amoksilini, ambayo ndiyo dawa ya mwanzo inayokubalika, huharibiwa inaponunuliwa vidonge sita na kuachwa homa ikishuka. Madhara ya dawa nusu nusu kwa kijana anayekaribia hatari ni mawili, na yote hayaonekani kwa macho. Homa hupoa kidogo huku usaha ukiendelea kukusanyika, kwa hiyo familia hutulia. Na baadaye, hospitali ikichukua usaha ili kuotesha bakteria na kujua dawa gani inawaua, mara nyingi hakioti kitu.

*Muda na gharama.* Ndiyo njia ya haraka kuliko zote, hatua chache kutoka mlangoni, na fedha ni ndogo. Sishangai kwamba wengi huanzia hapo.

*Inamfaa nani.* Kijana yule yule wa njia ya kwanza anayehitaji kitu cha kumpunguzia adha. Pia aliyekwisha kuonwa na daktari na ana cheti mkononi. Uvimbe wowote wa jicho au paji haumalizwi kwenye kaunta ya dawa.

Njia ya tatu: zahanati, kituo cha afya au kliniki ya mtaani

*Inaona nini.* Hapa ndipo mtu aliyesomea humgusa mgonjwa kwa mara ya kwanza. Tabibu atapima joto, presha, atatazama pua na koo, na ataweza kutambua ugonjwa wa bakteria kwenye sainasi kwa vigezo vitatu vinavyotumika duniani: dalili zimefika siku 10 bila nafuu, au zilianza kupungua kisha zikarudi kwa nguvu, au homa ya nyuzi 39 na zaidi pamoja na makamasi ya usaha kwa siku 3 mfululizo. Kigezo cha katikati, cha kupona nusu kisha kuanguka tena, ndicho ninachokisihi kila mzazi akikariri.

Asichoweza kuona ni kilicho nyuma ya mfupa. Eksirei ya sainasi haisaidii hapa. Haionyeshi usaha ulio ndani ya fuvu wala nyuma ya jicho, na ikitoka safi humtuliza mtu isivyostahili.

Kisha lipo suala la malaria. Katika jiji hili kijana mwenye homa na kichwa kuuma hupimwa malaria, taifodi na mkojo, na ni sawa kupima malaria. Inaua na inatibika. Lakini jibu la “ina malaria” lisifunge mjadala. Kipimo cha haraka cha kidole kinaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona, na kipimo kimoja cha damu cha taifodi kinajulikana kwa kudanganya. Malaria haivimbishi paji la uso upande mmoja, wala taifodi haitokezi jicho. Kijana akitibiwa malaria dozi kamili na siku ya tatu bado kichwa kinampasuka, mrudisheni na mtaje mafua yaliyotangulia. Mara nyingi hakuna aliyeyataja, kwa kuwa yalionekana ni jambo dogo.

*Inatibu nini.* Ugonjwa wa sainasi usio na madhara, kwa amoksilini au amoksilini yenye klavulaneti, dozi kamili kwa uzito wake, na tarehe ya kurudi. Kope lililovimba kidogo kwa kijana mwenye hali nzuri linaweza kuanziwa dawa hapa, kwa sharti aonekane tena kesho yake.

Na kazi nyingine, ambayo kwangu ndiyo kubwa, ni kumwandaa anayepelekwa mbele. Tabibu akishuku jambo ndani ya jicho au fuvu, anaweza kumpa sindano ya kwanza ya seftriaksoni, antibayotiki yenye nguvu, kabla ya safari, aandike kwenye barua jina la dawa, kiasi na saa. Dakika hizo ni za thamani. Ila kama sindano haipo au mtaalamu yuko mapumziko, msikae kuisubiri, ondokeni.

*Muda na gharama.* Nusu siku hivi, na gharama ya wastani. Kliniki ya binafsi ni ya haraka zaidi, lakini angalia usirudishwe mara tatu kwa dripu na “vitamini” huku hakuna aliyetamka neno rufaa.

*Inamfaa nani.* Mafua yaliyofika siku 10, yaliyorudi baada ya kupungua, au yenye homa kali, lakini macho, paji na akili ya kijana viko sawa. Kwa sehemu kubwa ya watakaosoma hapa, hii ndiyo njia yao.

Njia ya nne: hospitali yenye CT skani na upasuaji

Hospitali za rufaa za mikoa jijini ni Amana kwa upande wa Ilala, Temeke, na Mwananyamala kwa upande wa Kinondoni. Juu yake ipo Hospitali ya Taifa Muhimbili iliyopo Upanga, ambayo idara yake ya magonjwa ya dharura ilifunguliwa mwaka 2010, na tawi lake la Mloganzila, ambalo ni karibu zaidi kwa watu wa Kibamba, Mbezi na Kibaha. Ndani ya eneo la Muhimbili ipo Taasisi ya Mifupa, MOI, ambako upasuaji wa ubongo hufanyika. Zipo pia hospitali kubwa za binafsi kama Aga Khan.

*Inaona nini.* CT skani yenye dawa ya kung'arisha mishipa huonyesha sainasi, mfupa uliooza, usaha nyuma ya jicho na mkusanyiko mkubwa ndani ya fuvu. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, huona vizuri zaidi utando na ubongo. CT ya mapema inaweza kuukosa usaha mwembamba ulio juu ya ubongo. Picha ikiwa safi na kijana anazidi kudhoofu, uliza kwa heshima: “Daktari, tunaweza kurudia picha, au kufanya MRI?” Wala usishangae daktari akikataa kuchukua maji ya uti wa mgongo kabla ya picha. Kama ndani ya fuvu kuna mgandamizo, kuchukua maji hayo kunaweza kumdhuru mtoto.

*Inatibu nini.* Yote niliyoyataja. Dawa huanza mara moja kupitia mshipa, hata kabla majibu hayajatoka, kwa kuwa bakteria wanaohusika mara nyingi ni mchanganyiko: streptokoka wa jamii ya anginosasi wanaopenda kutengeneza majipu, stafilokoka, na wale wanaoishi pasipo hewa. Ndiyo sababu utaona dawa zaidi ya moja kwenye faili, kwa mfano seftriaksoni pamoja na metronidazo, na vankomaisini au kloksasilini juu yake.

Usaha mwingi haupoi kwa dawa peke yake. Jipu dogo la jicho kwa mtoto wa chini ya miaka 9 mara nyingi huisha kwa sindano tu; kwa kijana mkubwa, upasuaji huhitajika mara nyingi zaidi. Daktari wa masikio, pua na koo hufungua sainasi kupitia puani kwa kamera, bila kuchana uso. Jipu la paji hutolewa usaha na mfupa uliokufa huondolewa. Usaha ulio chini ya utando wa ubongo ni kazi ya daktari wa upasuaji wa ubongo, na ni kazi ya siku ile ile. Najua neno “kufungua kichwa” linavyotikisa ukoo mzima, na vikao vya wajomba huitwa. Kikao kifanyike kwa simu, na mtu mmoja awe na mamlaka ya kutia saini. Usaha ule hutanda ndani ya saa.

Baada ya hapo dawa huendelea kwa wiki kadhaa, mara nyingi 4 hadi 6, na mfupa ukiwa umeoza huweza kuzidi hapo. Vijana wanaofika mapema wengi hurudi shule.

*Muda na gharama.* Ndiyo ghali kuliko zote na inachosha: CT, upasuaji, wiki za kulala wodini, ndugu wa kukaa na mgonjwa. Kadi ya bima ije mkononi siku ile ile. Kama hamna bima, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mapema, kabla bili haijawa kubwa. Kwa dharura ya kweli, kukosa barua ya rufaa kusiwazuie kufika idara ya dharura.

Kati ya hospitali ya mkoa na Muhimbili, uamuzi ni wa umbali na hali ya mgonjwa. Aliye na degedege au anayesinzia akiwa Mbagala saa kumi na moja jioni, foleni ikiwa imefunga Kilwa Road, ni bora afike Temeke, afunguliwe njia ya hewa, apewe dawa, kisha apelekwe na gari la wagonjwa. Aliye macho, anayeongea vizuri, jicho likiwa limetokeza, na anaishi karibu na Upanga, aende Muhimbili moja kwa moja.

*Inamfaa nani.* Yeyote mwenye dalili za jicho, paji au ubongo, hata kama ni moja tu, hata kama homa imeshuka.

Basi uende wapi, kwa hali yako

Kama ni siku ya tano, pua imeziba, anakula na kucheka: baki nyumbani, osha pua, mpime mbele ya dirisha asubuhi na jioni.

Kama ni siku ya kumi na moja, au alipona Jumatatu na Alhamisi akaanguka tena: zahanati au kituo cha afya, leo, si wikiendi. Taja tarehe mafua yalipoanza na kila dawa aliyokunywa, hata vile vidonge viwili vya jirani.

Kama kope limevimba lakini jicho linaona na kugeuka vizuri: aonwe na daktari siku hiyo hiyo. Hospitali ya mkoa ni salama zaidi kuliko kliniki ndogo ikiwa ni jioni ya Ijumaa, kwa kuwa kesho yake lazima aonekane tena.

Kama jicho limetokeza, linaona viwili, au paji lina uvimbe laini: hospitali yenye CT. Msipitie duka la dawa, wala msikande uvimbe kwa maji moto.

Kama anatapika na kichwa hakivumiliki, anasinzia, anaropoka, amepata degedege au amelegea upande mmoja: idara ya dharura iliyo karibu kuliko zote, sasa hivi. Asipandishwe bodaboda; mtu anayesinzia huanguka. Chukueni teksi au bajaji, alazwe ubavu na mtu amshike. Asipewe chakula wala uji njiani, kwani huenda akapelekwa chumba cha upasuaji. Mapokezi semeni kwa ufupi: “Alikuwa na mafua siku kadhaa, sasa ana homa na kichwa, na tabia imebadilika.” Sentensi hiyo humsaidia muuguzi kumtanguliza.

Kama kijana yuko bweni, piga simu kwa matroni au patroni umuulize maswali yale yale ya dirishani. Usiridhike na “amepewa panadol, amelala.” Anayelala mchana kutwa akiwa na homa aamshwe, aulizwe leo ni siku gani, na kama hajibu vizuri, shule impeleke hospitali wakati wewe uko njiani.

Na kama amekwisha kutibiwa na karuhusiwa kurudi nyumbani na dawa, weka karatasi ya ruhusa, CD ya picha na ratiba ya dawa mahali pamoja. Homa au maumivu ya kichwa yakirudi kabla dozi haijaisha, mrudishe kwenye wodi ile ile iliyomtibu, ukiwa na hizo karatasi mkononi.